Tupeane uzoefu: Uliipataje kasi yako ya kukimbia?

Mkimbiaji wa Mbezi
Wadau, habari za asubuhi. Nianze mimi. Mwaka jana niliingia nusu marathoni nikitaka kumaliza ndani ya saa mbili, yaani dakika 5 na sekunde 41 kila kilomita. Tulipoachiwa nikafuata kundi. Kilomita ya kwanza saa ikaonyesha 4:55, nami najisikia mwepesi kabisa. Kufika ya 15 mapaja yamekuwa magogo. Nikasimama kwenye meza ya maji, kikombe mkononi, niliowaacha nyuma wakinipita mmoja mmoja. Nilimaliza kwa 2:21, na iliniuma sana.

Tangu hapo siku nyingi nakimbia 7:00 hadi 7:20, taratibu kiasi cha kuongea sentensi nzima bila kuhema. Jumanne tu ndiyo nakaza: dakika 1 kasi, 2 polepole, mara 8. Miezi minne baadaye, kilomita 10 zimeshuka kutoka dakika 63 hadi 57 na nusu. Wenzangu mlifanyaje?

Mama Watatu, Moshi
Hongera kaka. Huku kwetu saa inadanganya. Ukipanda kuelekea Mweka, 6:30 yako inakuwa 8:00 kwa nguvu zilezile. Nililazimisha namba mlimani mpaka nikaumia msuli wa nyuma ya mguu, wiki tatu nje. Sasa napanda kwa kusikiliza pumzi, hatua fupi fupi. Na mteremko msiuchukulie poa, magoti ndiyo yanayolipa.

Jirani wa Iten
Hapa Iten, mji wa wakimbiaji huku Kenya, mgeni hushangaa. Vijana wa mashindano, asubuhi ya mbio nyepesi wanaanza polepole hivi kwamba hata mimi nakaa nao kilomita mbili za kwanza, wanapiga stori tu. Kiptum, mkimbiaji wetu Mkenya, alipoweka saa 2:00:35 kwenye marathoni ya Chicago mwaka 2023, ilikuwa kama 2:51 kwa kilomita. Lakini hakuna anayekimbia hivyo kila siku.

Temeke bila saa
Naomba msaada, sina saa, simu nayo inapotezapoteza mtandao.

Mkimbiaji wa Mbezi
Ndugu yangu, tafuta uwanja wenye njia ya mita 400. Mzunguko mmoja kwa dakika 2 na sekunde 24 ndiyo 6:00 kwa kilomita. Rudia huo mwendo kila wiki mpaka miguu iujue yenyewe. Halafu joto: Februari hapa Dar mimi naongeza karibu nusu dakika kwa kilomita na sijilaumu. Hata Simbu, Mtanzania mwenzetu, alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2:09:48, takriban 3:05 kwa kilomita. Hakukimbilia rekodi, alikaa na kundi hadi mwisho, akamshinda Mjerumani kwa sekunde 0.03.

Temeke bila saa
Asante sana. Kesho alfajiri naenda kuhesabu mizunguko, nitaleta mrejesho hapa.