Taa ya LED ya zambarau: letusi zinarefuka kwenye kona, hoho zinachujuka katikati

MajaniMabichi
Wakuu habari zenu. Nina rafu ya ndani ya sm 60 kwa sm 120, haipati mwanga wa dirisha kabisa. Juu yake imening'inia taa moja ya LED ya mraba, zile za zambarau. Boksi limeandikwa wati 1000, ila mita ya plagi inasoma wati 105. Ipo sm 25 juu ya majani na inawaka saa 18 kwa siku. Katikati kuna miche ya pilipili hoho, pembeni letusi. Letusi za kwenye kona zinarefuka shingo na kulala. Hoho za katikati majani ya juu yanakuwa meupe-manjano na kingo zinajikunja kwenda juu. Niinue taa au ninunue nyingine? Na nitajuaje mwanga unatosha?

FundiRafu
Mkuu, dalili ni mbili ila ugonjwa ni mmoja: mwanga wote umerundikana katikati. Taa ya mraba iliyoshushwa hadi sm 25 inachoma chini yake na kuacha kona gizani.

Wati 1000 za kwenye boksi zisahau, ni maneno ya biashara. Hesabu anzia 105. Mmea hauli wati, unakula fotoni (chembe za mwanga), na zinapimwa kwa mikromoli. Taa za zambarau za aina hiyo kwa kawaida huzunguka mikromoli 1.5 kwa kila joule ya umeme, na wati moja ni joule moja kwa sekunde. Nyeupe nzuri za sasa, zenye diodi (vijitaa vidogo) nyekundu za nanomita 660 zimechanganywa humo, hufika 2.5 hadi 3. Kwa hiyo taa yako inatoa kama mikromoli 157 kwa sekunde. Toa robo inayopotelea pembeni, zinabaki 118. Rafu yako ina mita za mraba 0.72, wastani ni kama 164 kwa kila mita ya mraba. Letusi inataka 200 hadi 250.

Ndiyo maana kuinua taa peke yake hakutakusaidia. Mwanga utasambaa vizuri, lakini kila mche utapata pungufu. Sogeza kila kitu kwenye nusu ya rafu, sm 60 kwa 60, halafu inua taa hadi sm 40 au 45. Hapo hesabu inafika karibu 320, inatosha letusi na miche ya hoho. Zungushia mbao nyeupe pande zote nne ili mwanga unaotoroka urudi. Rangi nyeupe isiyong'aa inafanya kazi vizuri kuliko foili iliyokunjamana.

Saa nazo punguza ziwe 16, na ufunge taima, usitegemee kumbukumbu. Jumla ya siku unaipata hivi: mikromoli × saa × 0.0036. Mikromoli 250 kwa saa 16 ni moli 14.4 kwa siku (moli moja ni mikromoli milioni), na letusi inastawi kati ya 12 na 17. Hoho zikifika kuzaa zitataka moli 20 hadi 30, hapo taa hiyo moja haitoshi.

Majani yaliyochujuka hayarudi kijani. Usiyatazame hayo, tazama yatakayochipua ndani ya wiki moja. Letusi zilizorefuka ng'oa upande upya. Ukizifukia shingo ili zisimame zinaweza kuoza.

Kipimo
Naongezea kwenye upimaji, maana hapa wengi wanapotea. Programu ya simu inayopima laksi (kipimo cha mwangaza) imetengenezwa kufuata jicho la binadamu, na jicho linapenda kijani. Chini ya taa ya zambarau itakusomea namba ndogo mno ilhali majani yanaungua. Usiitumie hapo kupata mikromoli.

Kwa taa nyeupe inafaa kwa makadirio: gawanya laksi kwa 70. Laksi 17,500 ni kama mikromoli 250. Laza simu pale majani yalipo, kihisi kikitazama juu (kwa simu nyingi kipo karibu na kamera ya mbele), na usiinamie juu yake, kivuli chako kinaharibu namba. Pima katikati, kona nne na katikati ya kila upande. Kona ikipata chini ya asilimia 60 ya katikati, taa iko chini mno au umbo lake halilingani na rafu.

Hata kwenye ya zambarau simu ina kazi moja: kulinganisha. Namba yenyewe ni ya uongo, lakini kona ikisoma theluthi ya katikati, hiyo theluthi ni ya kweli.

MajaniMabichi
Asanteni sana wakuu. Nikitaka kutumia rafu nzima, ninunue taa ya pili kama hii, au zile za mstari? Na letusi chache za ndani zimeanza kuwa na kingo za kahawia, ni kuungua?

FundiRafu
Za mstari, tena nyeupe. Chukua nne za sm 120, kila moja wati 22 halisi, uzifunge kwa urefu wa rafu zikiachana sm 15, ya kwanza na ya mwisho sm 7.5 kutoka ukingoni. Hizo ni wati 88. Kwa mikromoli 2.5 kwa joule zinatoa 220, na kama asilimia 80 zinafika kwenye majani unapata karibu 244 kwa mita ya mraba, mfululizo kutoka kona hadi kona. Unatumia umeme kidogo kuliko sasa kwa eneo mara mbili. Kwa saa 16 ni uniti 1.4 kwa siku. Zikiwa na dima (swichi ya kupunguza mwanga), anza miche michanga kwa nusu.

Mwagiliaji
Hizo kingo za kahawia kwenye majani machanga ya ndani si kuungua, ni kukosa kalsiamu. Kalsiamu inaweza kuwa tele kwenye maji na bado isifike, kwa sababu inasafiri na maji yanayovutwa jani linapotoa mvuke, na majani yaliyofumbatana ndani hayatoi mvuke. Mwanga ukizidi moli 17 jani linakua haraka kuliko kalsiamu inavyofika. Weka feni ndogo ipulize kutoka juu kuingia katikati ya letusi, majani yatikisike kidogo tu. Joto lishuke hadi nyuzi 18 hadi 22. Hoho zinapenda 24 na zaidi, kwa hiyo siku moja itabidi uwatenganishe hao wawili.

Na kabla ya kuwasha hizo za mstari: waya wa kila taa uache uning'inie chini ya soketi kisha upande juu kuingia, ili tone la maji likiteleza lidondoke sakafuni lisiingie kwenye plagi. Draiva (kile kiboksi kinachoipa taa umeme) na taima vikae nje ya rafu, juu ya usawa wa maji. Fremu ya chuma iunganishe na waya wa ethi.