Gumzo la Familia ya Babu, Jumapili usiku

Kelvin: Shikamooni. Leo niliwawekea watoto filamu ya Star Wars, ile ya 1980. Vader, yule mkuu wa adui mwenye kofia nyeusi, kamkaba admirali wake mpaka kafa, sasa Junior hataki kulala. Anauliza kwa nini bosi anaua mtu wake mwenyewe.

Baba Mdogo Pasua: Marahaba. Mwambie huyo admirali, Ozzel, alijitakia.

Shangazi Kiboriloni: Marahaba baba. We mdogo wangu, mtoto anaweweseka wewe unatetea adui?

Baba Mdogo Pasua: Simtetei dada. Watu husema kauawa kwa sababu alizileta meli karibu mno na Hoth, sayari walikojificha waasi, wakashtuka wakawasha ngao. Sawa. Ila rudisha picha nyuma kidogo. Piett, ofisa wa chini yake, ndiye aliyeleta taarifa kwamba Hoth kuna watu. Ozzel akamkata kauli, eti anataka ushahidi. Vader asingepita pale, taarifa ingeishia kapuni.

Baba Mdogo Pasua: Sasa Ozzel anapigwa roba kwa mbali, kwa nguvu za ajabu za Vader, kwenye skrini. Anatapatapa, na Vader anaongea na nani? Na Piett, kasimama pembeni palepale. Cheo kinakwenda kwa yule aliyenyamazishwa.

Neema: Kupandishwa cheo na maiti iko miguuni 😂

Kelvin: Na Needa je, yule kapteni wa meli nyingine? Yule alikwenda mwenyewe kuomba radhi. Akakabwa vilevile.

Neema: Ba'mdogo kimyaaa

Shangazi Kiboriloni: Naona "anaandika" tu, robo saa.

Baba Mdogo Pasua: Nilikuwa nageuza nyama jikoni. Needa aliona chombo cha waasi kimetoweka, kumbe kimejibanza mgongoni mwa meli yake mwenyewe!

Neema: Kwa hiyo mtu afe kwa kutogeuza shingo?

Baba Mdogo Pasua: Haya, kwa Needa nimeteleza. Lakini mwishoni kina Luke, wale waasi, wanamponyoka Piett naye. Kaganda, anasubiri roba yake. Vader anageuka, anaondoka zake.

Shangazi Kiboriloni: Ile si huruma. Ametoka kumwambia Luke mimi ndiye baba yako, na mtoto kaona heri ajiachie shimoni kuliko kumfuata. Mzazi aliyetoka kwenye hilo atamwona admirali? Hata mlango alipita kwa mazoea.

Kelvin: Shangazi kumbe unaijua hivi!

Shangazi Kiboriloni: Nimelea wavulana wanne. Ile kaseti iliangaliwa mpaka mkanda ukakatika.

Baba Mdogo Pasua: Mimi nina sababu yangu ya kumchukia Ozzel. Nikiwa kiwandani nilimwambia msimamizi beringi ya mashine ya kukoboa kahawa inalia. Nikagusisha bisibisi kwenye mashine, mpini sikioni, nikamwambia sikiliza mwenyewe. Akaniambia nikafagie. Siku ya tatu shafti ikakatika, na barua ya onyo nikaandikiwa mimi.

Neema: Aisee. Pole Ba'mdogo.

Shangazi Kiboriloni: Na barua yenyewe bado anayo, kaibana na cheti cha ubatizo. Nimeiona.

Baba Mdogo Pasua: Dada!

Kelvin: Junior bado macho. Nimjibu nini?

Shangazi Kiboriloni: Mwambie bosi yule ni mbaya, alale. Hayo ya beringi atasimuliwa Jumamosi tukikutana.

Kelvin: Kalala. Ila kabla hajalala kauliza Piett aliishia wapi.

Baba Mdogo Pasua: Ile ya 1983, ndege ya waasi ilimwingilia dirishani. Hapo Vader hahusiki 😅