Mitalawanda ya kuchonga mwenyewe: musizi, musambya au mvule?

Kisu_Butu (Jinja): Salaam. Nataka kuchonga mitalawanda, vile viatu vya mbao, nyumbani. Kuna mwenye mbao ana musizi, musambya na mvule, anataka jibu kesho. Nichukue ipi?

Bint_Bombo: Ya bafuni au ya kutembelea? Ya msuruaki, kile kijiti cha kubana kwa vidole, au ya mkanda? Mguu saizi gani? Umekwenda kwa daktari kuomba dawa, hujasema unaumwa wapi.

Kisu_Butu: Ya kutawadhia, mimi na mzee wangu. Ya mkanda. Msuruaki unaniumiza vidole.

Tezo_Ndeeba: Musizi. Mwepesi, patasi inapita yenyewe. Mvule mgumu, tena ndani una vijiwe vya chokaa vinavyoua meno ya msumeno, na vumbi lake linawasha.

Mzee_Busia: Musizi na maji wapi na wapi? Utaoza. Chukua musambya, huku tunaufanya nguzo za nyumba.

Bint_Bombo: Musambya sawa, lakini ulizia umekatwa lini. Mwaka jana muuzaji mmoja aliniapia mbao yake imekauka. Nikachonga, nikapaka mafuta, nikapigilia mkanda wa tairi. Haukupita muda kisigino kikaanza ufa, ufa ukafuata misumari mmoja baada ya mwingine, ukafunguka mama akiwa bafuni na ndoo mkononi. Hakuanguka, alhamdulillahi. Jozi ya pili ikajipinda, haikai sawa sakafuni. Nilipomrudia yule bwana akaniambia miti ina tabia zake! Sasa mbao naipima kwenye mizani, naianika kivulini, napima tena. Uzito ukiendelea kupungua, bado ina maji.

Tezo_Ndeeba: Pole dada. Ila misumari nayo, toboa kwanza tundu jembamba kuliko msumari.

Boda_Mbale: Si mvae lugabire tu, ndala za tairi? Soko la Owino, Kampala, zimejaa.

Mzee_Busia: Lugabire ukitawadha nazo mguu unashinda umelowa. Mtalawanda umekuinua juu ya maji.

Boda_Mbale: Na kelele je? Alfajiri nyumba nzima inaamka.

Tezo_Ndeeba: Bandika tyubu ya baiskeli chini. Hautelezi, haulii.

Mzee_Busia: Usiolia si mtalawanda huo, ni kandambili.

Kisu_Butu: Wazee, amepiga simu, musambya umeshanunuliwa. Anasema ana mfenesi. Vipi?

Tezo_Ndeeba: Mfenesi unachongeka, na manjano yake yanapendeza. Mbao ina unene gani? Ikiwa inchi moja, kisigino utakitoa wapi?