Je, inafaa kuhamia nyumba ya zamani Uzunguni, Mbeya, karibu na Hospitali ya Rufaa?

Binti wa Tukuyu ameuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za leo. Mama yangu anahudhuria kliniki katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya, na safari za kutoka Tukuyu zimeanza kumchosha, hasa siku anazotakiwa kufika alfajiri kwa vipimo akiwa hajatia kitu kinywani. Mdogo wangu naye anasoma katika ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo iko jirani na hospitali hiyo hiyo. Tumeonyeshwa nyumba ya zamani upande wa Uzunguni, ya matofali ya kuchoma, yenye dohani, baraza pana na kiwanja kikubwa chenye mijakaranda. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na amedokeza kwamba akiamua kuiuza, sisi ndio tutakaofikiriwa kwanza. Dalali anatuhimiza tulipe kabla ya Jumamosi. Nina wasiwasi na ubovu ambao macho yangu hayauoni, na pia na utulivu wa mtaa, kwa sababu nyumba kadhaa za jirani naona zimekwisha kugeuzwa hosteli. Wenyeji mnashauri nini?

Mkazi wa Siku Nyingi amejibu:

Marahaba, mwanangu. Dalali anayekupangia siku ya kulipa mwache asubiri.

Ukitaka kuelewa mtaa huo, anza na kiwanja, nyumba ifuate. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, wakati wa kukimbilia dhahabu ya Lupa huko Chunya, na Waingereza waliupanga kwa desturi yao ya kutenganisha watu kwa rangi: maofisa wao Uzunguni, wafanyabiashara wa Kiasia Uhindini, Waafrika Majengo. Siku hizo waliamini kwamba kukaa mbali na makazi ya wenyeji kungewaepusha na malaria, ndiyo maana walijipimia viwanja vikubwa, nyumba moja moja, na miti katikati. Ubaguzi ule umekwisha, lakini nafasi waliyojitengea ipo hadi leo, na ndiyo inayowavutia wenye fedha. Kiwanja kilichobeba familia moja kinaweza kubeba vyumba vingi vya wanafunzi, na kila mwenye nyumba amekwisha kupiga hesabu hiyo kichwani, hata yule asiyeitamka.

Kuhusu kuishi jirani na hospitali, watu hulalamikia ving'ora vya magari ya wagonjwa, lakini hivyo utavizoea. Kinachobadilisha maisha yako ni watu. Hospitali hiyo inapokea wagonjwa wa rufaa kutoka Songwe, Rukwa, Katavi, Njombe hadi Ruvuma, na kila mgonjwa ana ndugu anayemuuguza. Alfajiri, kabla jua halijachomoza nyuma ya milima, utawakuta wauza uji na chapati wamekwisha kupanga madumu yao, na mbele yao amesimama mama aliyejifunga kanga mbili kwa baridi, chupa ya chai mkononi, akiuliza kama kuna mtu anayepangisha chumba kwa siku chache tu. Mtu huyo atabisha hodi na kwako pia. Wengine huona ni usumbufu. Mimi naona ndiyo kazi ya mtaa huo, na asiyeiweza atafute nyumba mtaa mwingine, kama Forest.

Jambo jingine ni mteremko, ambao madalali hawautaji kamwe. Upande wote huo umeegemea Mlima Loleza. Nyumba ikiwa juu ya hospitali, mama atashuka vizuri akiwa na nguvu, kisha atapanda akiwa amechoka na amechomwa sindano. Mwombe aitembee njia hiyo mwenyewe, kwa mwendo wake, kabla hamjakubaliana chochote. Na Juni na Julai nyumba hizo ni baridi kweli kweli, dari ziko juu mno.

Fundi wa Sinde amejibu:

Dada, usiogope umri wa nyumba. Ogopa matengenezo yake. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa au udongo, nazo hupumua: unyevu ukiingia, hutoka. Mwenye nyumba akizipiga lipu ya saruji juu yake ili zipendeze machoni pa mpangaji, maji hubaki ndani, na baada ya masika utaona rangi inavimba kuanzia chini kwenda juu, halafu inabanduka kama maganda ya muhogo. Kwa hiyo pitisha kiganja ukutani karibu na sakafu, hasa nyuma ya kabati na chini ya madirisha, na kama sehemu moja imepakwa rangi mpya peke yake, uliza sababu.

Panda darini au mtume kijana apande na tochi. Achome mbao za kenchi kwa bisibisi. Ikizama bila kutumia nguvu, mchwa wamekwisha kula. Dohani isiwashwe moto kabla haijazibuliwa, kwani ndege hujenga humo, na moshi ukirudi chumbani usiku mnaweza msiamke.

Kisha omba ufunguliwe chemba na shimo la maji taka. Shimo la nyumba hizo lilichimbwa kwa ajili ya familia moja. Kama uani pamejengwa vyumba vya wanafunzi na wote wameunganishwa humo humo, wewe unayekaa nyumba kubwa ndiye utakayeletewa harufu, na huenda gharama ya gari la kunyonya pia. Mizizi ya mijakaranda nayo huvunja mabomba ya udongo. Miti yenyewe msiikate, jamani.

Mpima Ardhi Mstaafu amejibu:

Naongezea upande wa sheria. Watu wengi hudhani nyumba za Uzunguni zinalindwa kwa kuwa ni za kihistoria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na mji wenu ulikuwa haujazaliwa. Jengo jipya zaidi ya hapo hulindwa pale tu Waziri anapolitangaza. Maana yake ni kwamba jirani yako anaweza kubomoa na kujenga, mradi awe na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri ya jiji, na kama anatoka makazi kwenda biashara, awe amebadilishiwa matumizi ya kiwanja. Hapo ndipo majirani wanaweza kupeleka pingamizi, nanyi mkiwa wapangaji pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa.

Hiyo ahadi ya kufikiriwa kwanza haina uzito ikiwa ni ya mdomo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka makubaliano ya kuhamisha miliki yawe ya maandishi. Iandikwe ndani ya mkataba wa upangaji. Kabla ya hapo, fanya upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi ya mkoa, uone jina la mmiliki, muda uliobaki, na kama kuna mkopo wa benki. Nyingine ni zilizokuwa nyumba za serikali wakauziwa watumishi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo soma masharti ya uuzaji. Na ikiwa mwenye nyumba ana mke, ridhaa yake ni ya lazima kama hapo ni nyumba ya ndoa.

Mwanafunzi wa Udaktari amejibu:

Dada, kwa mdogo wako ukaribu ni faida kubwa, kwani zamu za wodini huisha usiku na bodaboda za saa hizo si za kutegemea. Kelele za hosteli zipo wakati wa kufungua chuo tu. Karibu na mitihani mtaa mzima unanyamaza.

Binti wa Tukuyu:

Asanteni sana, na shikamoo tena mzee wangu. Nimemwomba mwenye nyumba atuonyeshe chemba na nakala ya hati. Chemba amekubali, ila hati anasema iko kwa kaka yake Dar es Salaam. Fedha bado sijatoa. Fundi wa Sinde, naomba unijulishe kama unaweza kuja kukagua Jumamosi asubuhi.