Baba wa watoto amesitisha matunzo tangu ziwa lilipofungwa: je, kiwango kinaweza kubadilishwa?

Mkazi wa Ujiji:
Wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Mwaka 2022 ndoa yangu ilivunjwa na Mahakama ya Mwanzo hapa Kigoma, watoto wetu wawili wakabaki kwangu, na baba yao akaamriwa kutoa shilingi 80,000 kila mwezi. Alitoa vizuri hadi Ziwa Tanganyika lilipopumzishwa kwa kusimamisha uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ndipo akasema kwamba mvuvi asiyevua hana cha kutoa. Ziwa limeshafunguliwa na boti zake mbili zinaingia majini, lakini fedha hazijarudi. Mara mojamoja humtuma kijana wake na ndoo ya dagaa, akisema hayo ndiyo matunzo. Wakati huohuo mtoto wa kwanza ameanza sekondari ya bweni, na baba yake anadai kwamba elimu ni bure. Mimi nauza mawese kwa rejareja sokoni Mwanga. Je, ana haki ya kujipunguzia mwenyewe, na mimi ninaweza kuomba kiwango kiongezwe?

Msaidizi wa Kisheria, Tabora:
Pole sana dada. Aliyeamriwa kulipa hana mamlaka ya kujipunguzia. Amri inabaki na nguvu mpaka mahakama yenyewe iibadilishe, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 133, inamruhusu yeyote mwenye maslahi kuomba mabadiliko hayo iwapo amri ya awali ilijengwa juu ya taarifa zisizo za kweli, au iwapo hali imebadilika kwa kiasi cha kutosha. Mlango huo ulikuwa wazi kwake mwezi Mei, na uko wazi kwako sasa.

Ama kuhusu kiasi, sheria zetu hazina jedwali wala asilimia ya kipato inayomfunga hakimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 44, inaelekeza kutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, upungufu wowote wa uwezo wa kujipatia kipato, mzigo wa watoto wengine wanaomtegemea mlipaji, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, pamoja na haki za mtoto mwenyewe. Kabla ya sheria hiyo, baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakuweza kuamriwa kutoa zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi, kiasi ambacho kiliachwa kwenye vitabu hadi kikawa kichekesho.

Kuhusu elimu bure, kinachofutwa ni ada. Sare, madaftari, godoro, nauli na mahitaji mengine ya bweni vinabaki kwa mzazi, na mtoto kutoka shule ya msingi ya kutwa kwenda sekondari ya bweni ni badiliko ambalo, kwa maoni yangu, hakimu atalielewa bila kushawishiwa sana.

Baba wa Watatu, Kasulu:
Naomba niseme kidogo kwa upande wa pili, bila kumtetea ndugu huyo kwa kunyamaza kwake. Miezi ile mitatu ilikuwa migumu kweli, na mwenye boti mbili si lazima awe tajiri kama anavyoonekana akiwa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa. Kinachouzwa asubuhi kinatolewa kwanza mafuta, kisha mgawo wa wavuvi, kisha nyavu zilizochanika, na kinachosalia ndicho kipato chake. Dada asije akaeleza mahakamani mauzo ya siku moja nzuri au mbaya kana kwamba ndiyo mwezi mzima, kwa sababu mwenzake atakuja na hesabu zake. Hata hivyo, ziwa limefunguliwa tangu Agosti, na sababu ya muda mfupi haiwezi kugeuzwa kuwa msamaha wa kudumu.

Mkazi wa Ujiji:
Nashukuru, kaka, na hayo ya mgawo nayafahamu kwa kuwa niliishi nayo. Sasa zile ndoo za dagaa zitahesabiwa? Na je, biashara yangu ya mawese inaweza kuniharibia?

Msaidizi wa Kisheria, Tabora:
Amri inasema shilingi, hivyo dagaa peke yake si utekelezaji wake, ingawa mahakama inaweza kusikiliza hoja kwamba ndoo hizo zilipokelewa na zilisaidia. Andika kwenye daftari tarehe na kiasi cha kila ndoo, hata zile zinazompa yeye nafuu. Biashara yako usiifiche hata kidogo: kipato cha mama nacho kinapimwa, lakini kupimwa hakumwondolei baba wajibu ambao kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinamwekea wa malazi, mavazi, chakula na elimu kulingana na uwezo wake.

Una mambo mawili, na ni vyema usiyachanganye katika ombi moja. Malimbikizo, yaani fedha ambazo hakulipa, ni suala la kukazia amri iliyopo, yaani kuiomba mahakama isimamie itekelezwe, na nyongeza ni ombi la kubadilisha amri hiyo, ambalo utalirudisha katika mahakama ileile iliyoitoa. Pitia pia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwani taarifa yake kuhusu hali ya nyumba zote mbili huwa na uzito, na wakati mwingine wazazi hukubaliana mbele yake. Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe na kupelekwa mahakamani, yasiishie mdomoni.

Chukua orodha ya mahitaji kutoka shuleni, risiti, na taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha mwezi aliolipa mara ya mwisho. Nakala ya hukumu ya 2022 ndiyo ya kwanza kutafutwa. Kama imepotea, mwombe karani nakala nyingine kabla hujaandika lolote, kwa kuwa maneno halisi ya amri ndiyo yatakayoonyesha kama gharama za shule zilikuwa ndani ya zile 80,000 au ziliachwa kando.