Walimu wa vijijini Dodoma, mnawafikishiaje wazazi taarifa za kufungua shule?

MwlWaTatu (Chamwino)

Wakuu, habari za mwaka mpya. Nafundisha darasa la tatu shule ya msingi ya serikali, kijiji kimoja huku Chamwino. Nimehamia katikati ya mwaka jana nikitokea mjini, kwa hiyo hii ndiyo Januari yangu ya kwanza kijijini.

Tulipofungua nikaunda grupu la wasapu la wazazi kama nilivyozoea. Darasa lina watoto sabini na kitu. Grupu lina watu ishirini na moja, na humo wamo walimu wenzangu, pamoja na fundi aliyewahi kupaua darasa letu, ambaye hata sijui nani alimwunga. Nimeweka humo habari za sare, madaftari, ratiba, mchango wa uji. Ninachopata ni "Amina mwalimu", picha za maua, na mama mmoja anauza vitenge.

Tukaita kikao, Jumanne saa 4 asubuhi. Barua tuliwapa watoto wapeleke nyumbani. Wakaja akina mama wachache na wazee wawili, na mzee mmoja alikuwa anaulizia kama ng'ombe wake ameonekana upande wa shule. Mwalimu mkuu akasema wazazi wa huku hawajali elimu, kikao kikaahirishwa.

Mimi siamini kwamba hawajali. Juzi jioni mama mmoja kanisimamisha njiani, jembe begani, akaniuliza kwa ukali kwa nini mwanawe amenyimwa uji wakati hakuna mtu aliyemwambia kuna mchango. Nilibaki namwangalia tu.

Naomba uzoefu wenu. Njia ipi inamfikia mzazi kweli? Na mwanzo huu wa mwaka nimwambie nini kwanza, nini kisubiri?

BabaWawili_Ilazo

Pole mwalimu. Sisi wa mjini tunaumwa ugonjwa wa upande wa pili. Nina watoto wawili shule moja ya binafsi hapa Dodoma na magrupu matatu: la darasa, la shule, la basi. Meseji zinamiminika mpaka unanyamazisha simu, halafu saa 5 usiku ndiyo inaingia ile ya maana: "Kesho kila mtoto aje na ufagio wa chelewa." Saa 5 usiku! Nimeshawahi kugonga kwa jirani naomba ufagio nikiwa na taulo.

La pili, uwe macho. Muhula uliopita mhasibu wao alirusha kwenye grupu orodha ya watoto wanaodaiwa, majina kamili na kiasi. Mwanangu hakuwemo, lakini rafiki yake alikuwemo, na kesho yake basi zima linamwimba. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na tume yake iko hapa hapa Dodoma. Deni la mtoto, maradhi yake, alama zake, hayo ni ya mzazi wake peke yake. Usiyaweke grupuni hata kama mkuu amekuagiza.

BibiMkuu_Mstaafu

Mbukwenyi wote. MwlWaTatu, nakuita mwanangu kwa sababu nimestaafu ualimu mkuu na shule zangu zote zilikuwa mkoa huu, kuanzia Mpwapwa hadi Bahi. Kaa nikueleze.

Kwanza huyo mkuu wako atazame nje ya dirisha. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza Desemba unaishia Aprili. Januari ni palizi. Jumanne saa 4 asubuhi mzazi yuko shambani tangu alfajiri, na nyasi hazimsubiri kwa sababu mwalimu ana ajenda. Wengine hata kijijini hawapo. Wa Kongwa wanavuka mpaka Kiteto kulima, wanalala kwenye vibanda huko huko hadi palizi iishe. Watoto wamebaki na bibi. Sasa wewe kwenye rejista umeandika namba ya baba, na baba yuko mahali ambapo mtandao mpaka apande kichuguu.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta njia, tafuta mtu. Mimi walimu wangu wa darasa niliwaamuru wiki ya kwanza wamuulize kila mtoto, mmoja mmoja, pembeni: nani amekuamsha leo? Nani atakupikia jioni? Jina linalotoka hapo ndilo la mlezi wako, liandike kwa penseli pembeni ya jina la baba. Kwa penseli, kwa sababu baada ya mavuno litabadilika. Utashangaa: bibi, shangazi, dada wa darasa la sita. Yupo mtoto alinitajia mwenye duka. Nilipofuatilia nikakuta ni kweli, mama yake anauza mbogamboga mjini na anarudi Jumamosi, hela ya sabuni anaiacha dukani.

Halafu jiulize huyo bibi anapita wapi kila wiki. Kwenye grupu lako hapiti. Anapita mashine ya kusaga, anapita kioski cha maji, anapita kanisani au msikitini. Tangazo langu la Januari nililiandika nyuma ya kalenda iliyopita, kwa maka peni, herufi za kuonekana toka kwenye foleni, nikalibandika ukutani kwa mwenye mashine. Bibi asiyejua kusoma anasomewa na aliye nyuma yake, tena kwa Kigogo, tena na maoni juu. Mchungaji na imamu niliwapa karatasi yenye mistari minne, isizidi. Ukimpa mchungaji kurasa mbili ataruka pale pale penye tarehe. Mwenyekiti wa kitongoji naye apewe mistari ile ile, neno kwa neno, maana habari ikisemwa namna mbili watu wanashika ile mbaya.

Sasa unasema nini. Anza na pesa. Usizunguke. Watu wamesikia redioni "elimu bure" na wewe unataja mchango, hapo ndipo ugomvi ulipo, na wala si ukorofi wao. Wapangie mafungu. Ada iliondolewa tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, na serikali inaleta ruzuku ya uendeshaji, shule ya msingi shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Hilo fungu la serikali. La mzazi limeandikwa kwenye Waraka Namba 3 wa 2016: sare, madaftari na kalamu, chakula cha mtoto wa kutwa. La tatu ni yale ambayo kijiji chenyewe kimekaa kikakubaliana. Ukiyachanganya haya matatu kwenye sentensi moja umekwisha. Na ile ruzuku, iliyoingia na iliyotumika, ibandikwe ubaoni palipo wazi. Mzazi akishaona karatasi ile anakusikiliza kwa sikio jingine kabisa.

Uji. Hapa ndipo nakasirika. Nani alipanga mchango wa nafaka udaiwe Januari? Januari mpaka Machi ndiyo miezi ya njaa huku kwetu. Ghala limebaki vumbi, kilichopo kidogo kimeenda kuwa mbegu. Ukimwambia mtu alete debe la mahindi leo unamwambia akakope. Debe linadaiwa Juni na Julai, mtama na mahindi yakiwa uani, mbele ya macho ya wote, mwenyekiti anaandika, stoo ya shule inafungwa kwa funguo mbili. Hicho ndicho kikao kikubwa cha mwaka, kikao cha mavuno. Januari unagawa kilichowekwa na unasema kimebaki magunia mangapi. Kama mwaka jana hamkuweka, basi Januari hii ni ya kuzungumza na kukubaliana, na mtoto anakunywa uji. Mtoto hasimamishwi pembeni ya sufuria akitazama wenzake kwa deni la baba yake. Huyo mama mwenye jembe alikuwa na haki yake yote, na ukimwona tena mwambie hivyo.

Kingine ambacho wengi vijijini hawajaambiwa vizuri: mtaala mpya, shule ya msingi inaishia la sita badala ya la saba. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kumalizia la sita. Mwaka 2027 watamaliza wao pamoja na la saba wa mwisho. Watoto wako wa darasa la tatu wote ni wa kumalizia la sita. Mzazi anayehesabu miaka minne baada ya huu, ajue imebaki mitatu, kisha sekondari. Ana mbuzi wa kuuza, ana mpango wake wa zabibu au alizeti, mwambie mapema aupange. Usimwachie aje kushtukia.

Sheria za shule, dira, kaulimbiu, salamu za mgeni rasmi, hayo yote yasubiri. Mengine yasubiri milele.

Kikao weka Jumapili, saa 9 alasiri, watu wametoka ibadani na wamekula. Msiweke siku ya mnada.

MamaKibaigwa

Shikamoo bibi. Umesema yote, naongeza kidogo kama mzazi mwenye kitochi.

Barua za kupewa mtoto hazifiki. Ya mwisho mwanangu aliikunja ikawa ganda la mpira wa makaratasi, niliiokota uani ina neno "Mzazi/Mlezi" na tope. Lakini mwalimu wake wa sasa anaandika ukurasa wa nyuma wa daftari la Hisabati, na anataka niweke sahihi. Daftari la Hisabati mtoto analilinda maana analiogopa. Mama mkwe wangu hajui kuandika, anaweka alama yake ya kidole kwa wino wa kalamu, na mwalimu anaikubali.

Pia mwalimu, usinipigie siku ya matatizo tu. Namba ya shule ikiita kwangu moyo unaruka, najua ameanguka au amepigana. Mwaka jana mwalimu wa darasa la awali alinipigia kuniambia mtoto sasa anaandika jina lake mpaka mwisho, akakata. Hakuniomba kitu. Nilikuwa gulioni, niliwasimulia mpaka wauza nyanya. Toka hapo akiniita naenda hata kama nimelala njaa.

MwlWaTatu (Chamwino)

Shikamoo bibi, ahsanteni wote. Leo nimeuliza lile swali la nani amekuamsha. Zaidi ya nusu ya darasa hawakumtaja baba wala mama. Mmoja kasema "najiamsha".

Wenye simu karibu nimepata namba zao, za majirani zikiwemo, nataka kuwatumia meseji ya kawaida. Nimeandika hivi, nisahihishieni: "Ndugu mzazi/mlezi mpendwa, uongozi wa shule unapenda kuchukua nafasi hii kukutakia heri ya mwaka mpya na kukukumbusha kuwa kutakuwa na kikao muhimu cha..."

BibiMkuu_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Meseji moja ni herufi 160, na wewe zinakaribia kukuishia hata siku ya kikao hujaitaja. Futa. Weka hivi:

"Mwl wa la 3. Kikao Jumapili saa 9 alasiri shuleni. Tunajadili uji. Mtoto asiye na mchango anakunywa uji kama kawaida. Swali: nibipu, nitapiga."

Hiyo "kukukumbusha" iache. Utamkumbushaje mtu jambo ambalo hajawahi kuambiwa? Na ile sentensi ya uji usiitume kabla mkuu wako na mwenyekiti wa kamati ya shule hawajaikubali kwa mdomo wao. Ukiituma halafu mpishi akamrudisha mtoto, hutasikilizwa tena na mtu mpaka uhamishwe.

Huyo wa "najiamsha", kesho fika kwao. Usimtume kiranja.

MwlWaTatu (Chamwino)

Nimetoka ofisini kwa mkuu. Uji amekubali, na mwenyekiti wa kamati amekubali. Mwenye mashine ya kusaga amecheka lakini amekubali. Kwa yule mtoto naenda jioni. Kinachomshinda mkuu ni Jumapili, anasema yeye Jumapili yuko mjini kwa familia yake, anataka Jumamosi.

BibiMkuu_Mstaafu

Jumamosi kwenu si mnada?

MwlWaTatu (Chamwino)

Ni mnada, bibi.

BibiMkuu_Mstaafu

Basi mwambie abebe ajenda zake aende nazo mnadani, upande wa mbuzi, wazazi wote atawakuta. Akiona haiwezekani, Jumapili kikao kiendeshwe na mwalimu mkuu msaidizi pamoja na mwenyekiti wa kamati. Wewe shika kalamu, andika muhtasari, Jumatatu umpelekee mezani asaini.