Je, miwani ya uhalisia pepe inamsogeza mgeni karibu na urithi?

Swali: Ninaandaa maonyesho madogo ya vyombo vya kale, na wenzangu wanashinikiza tununue miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha mvaaji mandhari ya kidijitali kana kwamba yumo ndani yake. Hofu yangu ni kwamba mgeni ataikumbuka miwani na kukisahau chungu kilicho mbele yake. Wenye uzoefu mnashaurije?

Jibu la kwanza: Inategemea kama kitu chenyewe kinafikika. Pango la Lascaux, Ufaransa, lenye michoro ya kale kutani, lilifungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu pumzi za wageni zilikuwa zikiiharibu michoro. Hapo nakala na picha za kidijitali si mapambo, bali ndizo zinazompa mtu wa kawaida nafasi ya kuijua. Chungu chako kipo, kwa hiyo anza nacho.

Jibu la pili: Naafiki kabisa. Katika maonyesho niliyosimamia, skrini ya kugusa ilimwezesha mgeni kukizungusha chungu hadi kitakoni, ambako alama za vidole vya mfinyanzi zilibaki kwenye udongo, na wengi waligeuka mara moja kulitazama kabati la kioo kwa makini zaidi. Miwani ilileta foleni, na baadhi ya wageni walishikwa na kizunguzungu.

Muulizaji: Nawashukuru sana. Nitaweka skrini moja, kando ya kabati.